Jina Langu Liko Ghorofa ya Nne

Muthama Mbaluka,
Mjenzi,
Kitengela.

Alhamisi.

Kwa Afisa wa Leseni za Biashara,
Kajiado.

Mheshimiwa Afisa,

MINT: MALALAMISHI KUHUSU TIBA AMBAYO HAIMLAZI MTU, HAIMLAZIMISHI MTU, WALA HAIMSAHAULISHI MTU CHOCHOTE

Pokea salamu za mtu ambaye leseni zake zote zimebandikwa ukutani, hata zile za miaka iliyopita, na ambaye hajawahi kukusumbua. Jirani yangu alipoelekeza maji ya paa lake kwa ploti yangu sikuandika barua. Nilijenga ukuta. Kwa hivyo ukiona nimeshika kalamu, ujue hili jambo ukuta hauliwezi.

Nijitambulishe. Nilikuja Kitengela nikibeba mawe ya mjengo kwa mabega, wakati hapa kulikuwa na vumbi na swala. Leo kuna majengo kumi na moja ya ghorofa ambayo nimesimamisha, mengine ya watu, mengine yangu, na hakuna hata moja limepata ufa. Nasema haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kudanganywa kwa vipimo.

Shida yangu ni hii. Miaka minane iliyopita mbao za kusimamia mafundi ziliteleza nikiwa ghorofa ya tatu. Sikuanguka, na hilo naomba liandikwe vizuri kwa faili. Nilining'inia kwa dirisha mpaka fundi wangu mmoja akaleta ngazi. Tangu siku hiyo miguu yangu hupanda mpaka ghorofa ya pili, na ikifika hapo inakataa, kama ng'ombe ameletwa kwa daraja. Kazi haijaharibika. Hukagua nikiwa chini kwa darubini, na nikiulizwa nasema ni goti. Goti langu la kulia limepewa pole nyingi ambazo halikustahili.

Nilivumilia hivyo mpaka binti yangu Celine alipojifungua mtoto wa pili. Mume wake ni Lesiamon, kijana wa Kimaasai, mtu mtulivu, na wanaishi Nkoroi, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Mtoto wa kwanza alichukua jina la upande wa mume. Huyu wa pili ni zamu yangu, ni Muthama. Lakini katika ukoo wetu mwenye jina haletewi mtoto barabarani kama mzigo wa basi. Anaenda mwenyewe, anavuka mlango, anampokea mtoto mikononi mwa mama yake, na anamtemea kifuani mate kidogo ya baraka. Mpaka hapo mtoto haitwi jina. Mjukuu wangu ana miezi mitano na anaitwa Mgeni. Nimemwona mara nyingi, nikiwa chini kwa geti, yeye akiwa ameinuliwa kwa baraza ya juu. Kwa darubini anaonekana amenifanana.

Msimamizi wa mila hii ni shangazi yangu Muthoki, na yeye haongezi siku. Amesema jino la kwanza likitokea kabla sijafika, jina linahama. Alinipigia simu na kuniambia hivi: "Wewe Muthama, hilo goti lako silijui, lakini meno nayajua. Masila yuko tayari." Masila ni mdogo wangu. Hajawahi kujenga hata kibanda cha kuku, lakini anapanda ngazi kama mbuzi. Na mtoto sasa anatoa mate na kutafuna kila kitu. Unaona tumefika wapi.

Ndipo nikaona bango la Bi Samsam, kando ya duka la dawa za mifugo. Bango linasema anatibu hofu, kukosa usingizi, sigara na kusaga meno kwa njia ya hipnotherapia. Hiyo ndiyo ile kazi watu husema ni kulazwa akili. Mimi naifahamu. Zamani alikuja bwana mmoja wa koti refu katika shule moja ya huku, akamfanya mwalimu mzima awike kama jogoo mbele ya wazazi. Nikajiambia, kama inaweza kumwikisha mwalimu, itashindwaje na ngazi?

Nimeenda mara nne. Malalamishi yangu ni haya:

1. Hakunilaza. Niliketi kwa kiti, akaniambia nitazame alama moja ukutani, nipumue polepole, nilegeze mabega, halafu taya, halafu mikono. Alikuwa akiongea kwa sauti ya mtu anayebembeleza ndama. Nikangoja usingizi. Haukuja. Nilisikia mashine ya kusaga mahindi ya upande wa pili, nikasikia punda wa maji akikataa kazi, nikasikia hata mlio wa saa ya mkononi mwangu, ambao nyumbani nilishaacha kuusikia. Mwili ulikuwa mzito kama slabu iliyomwagwa jana, hilo nakubali, lakini akili ilikuwa macho. Alipomaliza aliniuliza kama nilikuwa nasikia kila kitu. Nikasema ndiyo, nikitarajia atoe pole. Akasema vizuri, ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu hii si usingizi, ni akili kutulia na kushika jambo moja. Mheshimiwa, mtu akilipia usingizi apewe usingizi.

2. Hana vyombo vya kazi. Hakuna saa ya kuning'iniza, hakuna moshi, hakuna kitu cha kuzunguka. Kuna kiti, pazia, na glasi ya maji ambayo niliinywa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimebeba saa ya mnyororo ya marehemu baba yangu, nikidhani labda yake imeharibika. Aliomba niiweke mfukoni kwa sababu inapiga kelele.

3. Siri zangu zilirudi nyumbani zote. Kila mtu anajua ukilazwa akili unatapika yote uliyoficha. Kwa sababu hiyo nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Mke wangu Mutindi naye alijiandaa, akavaa vizuri, akaja kuketi kwa kiti cha nje karibu na mlango. Bi Samsam hakuuliza hata moja. Nilijaribu kumsaidia, nikafikiria kwa nguvu ile ploti ya Isinya ambayo Mutindi haijui. Hakuna kilichotoka. Akaniambia mtu akiwa katika hali hiyo anaweza kunyamaza akitaka, anaweza hata kudanganya akitaka. Tulirudi nyumbani, mimi nikiwa na siri zangu na Mutindi akiwa na hasira zake.

4. Sikusahau kitu. Nilitaka nisahau lile dirisha. Nilimwambia wazi: toa hiyo siku, ziba hapo kwa simenti, paka rangi. Alisema hiyo si kazi yake, na kwamba siku yenyewe itabaki, ila mwili unaweza kujifunza kwamba ilishaisha. Nilimuuliza mwili wangu ulisomea wapi. Alicheka tu, na mimi sikuwa nimefanya mzaha.

5. Alikataa kumtibu mtu niliyemletea, na hili ndilo linaniuma kuliko yote. Baada ya kufikiri niliona kwamba mgonjwa hasa si mimi. Mimi niko chini kama Mungu alivyokusudia watu wakae. Mgonjwa ni aliyehamia juu. Kwa hivyo nilimwomba Lesiamon anisindikize kwa mambo ya goti, na nikamwambia Bi Samsam pembeni amwingizie akilini maneno machache tu: hamia nyumba ya chini, leo. Yule mama akamgeukia mkwe wangu, mbele yangu, akamuuliza kama anataka kuhama. Lesiamon akasema, "Hapana, mimi napenda pale juu. Naona mvua ikiwa bado iko Ngong." Basi, ikaishia hapo. Nilimsihi Bi Samsam ajaribu tu. Ndipo akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Mzee, maneno yangu hayawezi kumhamisha mtu asiyetaka kuhama. Hata wewe siwezi kukupandisha. Nitakusindikiza tu, miguu ni yako."

Kusindikiza. Mimi nikipewa kazi ya nyumba sisindikizi, najenga.

Niongeze kwamba nilimkumbusha habari ya mwalimu na jogoo. Akasema yule mwalimu alienda mbele kwa hiari yake, na kwamba onyesho la jukwaani ni mchezo wa watu wanaokubali kucheza. Sikuridhika. Nilimtafuta yule mwalimu, amestaafu, anafuga kuku. Alikiri kwamba siku ile alisikia kila kitu, angeweza kunyamaza wakati wowote, na kwamba kwa miaka yote aliyofundisha ile ndiyo siku aliyofurahi zaidi kazini. Nilirudi nikiwa nimekasirika zaidi.

6. Alimsifu mkwe wangu mbele yangu. Tukiwa bado tunabishana, Lesiamon alikuwa ameketi akitazama pazia, amelegea, hasemi. Bi Samsam akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu ameshafika bila kuambiwa, na kwamba watu waliochunga mifugo mara nyingi wana hicho kipawa, kwa sababu wamezoea kufuata kitu kimoja kwa macho mchana mzima. Tulipotaka kuondoka nikamgusa Lesiamon bega. Akaniambia "Sopa", salamu ya kwao, kama watu wanaokutana njiani, akauliza kama goti limepona.

7. Alinishtaki kwa uendeshaji mbaya. Alidai kwamba hata mimi huingia katika hali hiyo bila kujua, kwa mfano nikiendesha gari kutoka Kajiado na kufika Kitengela bila kukumbuka nilipita Isinya saa ngapi. Mimi nimeendesha barabara ya Namanga miaka ishirini. Kesho yake nilikuja Kajiado makusudi, na nikirudi niliamua kutazama kila kitu mpaka Isinya ili nimwonyeshe. Nilianza kupanga jinsi nitakavyomwambia, na nilipotazama nikawa niko Kitengela. Sitaki jambo hili liingie kwa ushahidi, lakini naliandika kwa sababu mimi ni mtu wa haki.

8. Amenipokonya shahidi. Kuna watu kanisani walisema hizo ni nguvu za giza, na mzee wetu wa maombi, Mzee Meitamei, alikubali kuja kukagua na kukemea pale itakapobidi. Aliingia na Biblia, mlango ukafungwa. Alitoka baada ya muda mrefu, uso umelainika, akaniambia hakuona pepo, aliona kiti. Sasa anaenda kila Jumanne kwa ajili ya kusaga meno, na mke wake ameanza kulala. Mimi nikiinuka kanisani kusema habari ya giza nitasimama peke yangu.

9. Kazi nafanya mimi. Ameniagiza kila siku nikae, nipumue, nibane kidole gumba na cha kati pamoja, halafu nijione napanda ngazi za Nkoroi mpaka pale ninapoogopa, nisimame, nitulie, niendelee. Nimepiga hesabu. Yeye anafanya robo ya kazi, mimi robo tatu, na risiti inatoka kwa jina lake. Tena kazi yenyewe haiendi. Nilipofika ghorofa ya pili akilini niliona fundi ameweka ngazi moja ndefu na nyingine fupi. Kitu kama hicho mimi siwezi kukipita. Nikabomoa. Nimekuwa nikibomoa na kujenga zile ngazi kichwani kwa siku kumi, kila usiku Mutindi ananiuliza nasonya nini. Nilimpelekea Bi Samsam taarifa kwamba tumechelewa kwa sababu ya kazi mbaya ya mkandarasi. Nilidhani atanikaripia. Akasema niendelee kujenga, nisiwe na haraka.

10. Hatoi hakikisho. Amekataa kuitwa daktari, amekataa kusema nitapona, na amesema wengine inawasaidia na wengine haiwasaidii. Nyumba yangu ikivuja ndani ya miezi sita narudi kuziba. Huyu ukimuuliza itachukua muda gani anakuuliza wewe unaonaje.

Naongeza, ili usidhani nimekataa msaada wa bure, kwamba mwezi uliopita Lesiamon alikuja na vijana wawili wa rika lake na kiti cha plastiki ili wanibebe mpaka juu kwa heshima. Nilikataa. Kwetu kuna adabu kati ya wakwe, na hakuna mahali imeandikwa kwamba mkwe atapandishwa kama friji.

Kwa sababu hizo zote naomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Imwamuru Bi Samsam alaze watu kama inavyojulikana na kila mtu, ama afunge ofisi. Namtetea kwa jambo moja tu, kwamba ofisi yake iko chini, na hilo liandikwe.

(b) Akishindwa na (a), aamrishwe kuwatibu jamaa wa mgonjwa bila hiari yao, akianza na wale walio juu.

(c) Ikiwa (b) haiwezekani kwa sababu ya hiyo habari ya hiari, basi kosa ni la ghorofa zenyewe. Naomba ujenzi wa kupita ghorofa ya pili usimamishwe kaunti nzima, kutoka Kitengela mpaka Magadi, na zilizopo ziachiwe matangi ya maji na njiwa. Najua majengo yangu kumi na moja yatapoteza vichwa. Niko tayari.

(d) Wakati uchunguzi ukiendelea, naomba itolewe amri kwamba hakuna mtoto wa Nkoroi ataota jino.

Ili usidhani nasema maneno matupu, Jumamosi hii nitaenda Nkoroi mwenyewe. Nitafuata maagizo yake yote bila kuacha hata moja, nipande mpaka pale miguu itakapokataa, na nipige picha mahali hapo. Picha hiyo nitaiambatisha hapa. Itakuwa ghorofa ya pili, ukutani upande wa kulia, na itaonyesha wazi kwamba tiba haifanyi kazi.

Wasalimie wote ofisini: karani wa dirisha la kwanza na wa dirisha la tatu, bawabu ambaye hunihifadhia mahali pa gari, yule mama wa chai, na mkubwa wako ikiwa yuko juu. Sitaweza kupanda kumsalimia.

Ni mimi, kwa adabu na kwa kulipa kodi,

Muthama Mbaluka.

T.B. Barua hii niliifunga Alhamisi, nikaitia mfukoni ingoje picha. Leo ni Jumatatu na nimeifungua tena, kwa sababu utaitafuta ile picha ya ushahidi na hutaiona.

Nilienda kama nilivyoahidi. Nilipumua, nikabana kidole, si kwa imani bali nisije nikaambiwa sikufuata maagizo. Ghorofa ya pili moyo ulianza kupiga kama kawaida yake, nami nikatoa simu nipige picha. Lakini pale kuna giza, na nilipoinama kutafuta mwanga nikaona ngazi moja ndefu na iliyofuata fupi. Si ya akilini, Mheshimiwa, ya kweli, ya simenti. Nikaipima kwa kiganja. Nikapima na ya juu yake, kwa sababu fundi akikosea moja huwa hakomi hapo. Mtu wa kazi hawezi kuachia makosa katikati. Nilikuwa bado napima na kusonya wakati mlango ulifunguka juu ya kichwa changu na Celine akasema, "Baba? Goti?"

Nilivuka mlango. Mengine ni ya nyumbani kwetu.

Nilimpigia Bi Samsam kumjulisha kwamba tiba yake haikuhusika, nilikuwa nashughulika na ngazi tu, akili yote imeshika jambo moja. Akasema ni kweli, aliyepanda ni mimi. Sijawahi kuona mfanyabiashara wa namna hiyo.

Jino lilitoka Jumapili asubuhi, la chini. Mimi ndiye niliyeligundua kabla ya mtu yeyote, kwa sababu lilinipata kidoleni, kile kile cha kubana. Shangazi Muthoki ameshaarifiwa tarehe zote mbili na ameridhika. Masila amenuna. Kwa hivyo ombi (d) limepitwa na wakati, na (c) naomba uchome.

Kuhusu leseni yake, tafadhali usiiguse. Kupanda tulikuwa tumezungumza. Kushuka hatukuzungumza, na tangu Jumamosi bado niko huku juu. Amekubali kuja Alhamisi kunisindikiza.

Lakini hata hiyo Alhamisi si lazima. Mvua iko Ngong, naiona kutoka hapa, na Muthama amelala juu ya kifua changu, usingizi mzito, ule ule ambao mimi nililipia nikanyimwa.